Urithi wa Wana Saba

Mwenye wana na shamba hana budi kujiuliza: Nitakapokufa, mali hii itakuwaje? Mimi ninao wana wanne na shamba moja, na neno hili hunikosesha usingizi. Kwa hiyo nimezisoma kwa makini habari za Ernst, mtawala wa Gotha katika Ujerumani, aliyeitwa Mcha Mungu.

Ernst alizaliwa mwaka 1601, naye aliipata Gotha mwaka 1640, jamaa yake walipogawanya nchi yao. Wakati ule vita vya miaka thelathini vilikuwa vimeiharibu nchi sana. Mwaka 1642 alitoa kanuni za shule, akaamuru watoto wote wafundishwe, wa kiume na wa kike, hata wa wakulima. Kisha akajenga jumba kubwa, akaliita Friedenstein, maana yake Jiwe la Amani.

Alipokufa mwaka 1675 aliacha wana saba. Hakupenda kumpa mkubwa vyote na kuwaacha wadogo mikono mitupu. Aliwausia watawale pamoja, Friedrich, mkubwa wao, akiwaongoza. Lakini shauri hilo likawashinda, na mwaka 1680 wakaikata nchi mafungu saba: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld. Nchi iliyomlisha mtawala mmoja ikawa sasa yalisha saba, kila mmoja na watumishi wake na fahari yake. Christian wa Eisenberg alitumia mali yake kutafuta njia ya kugeuza madini kuwa dhahabu, akafa mwenye madeni.

Tena watatu, wa Coburg, Eisenberg na Römhild, hawakuacha mrithi wa kiume. Albrecht wa Coburg alipofariki mwaka 1699, ndugu zake wakaanza kushindana juu ya fungu lake. Mashauri yakapelekwa kwa Kaizari, yakadumu hata mwaka 1735. Hukumu ilipokwisha, katika wale ndugu saba hakusalia hata mmoja wa kuisikia.

Friedrich aliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1685 aliweka sheria kwamba Gotha isigawanywe tena, bali imwendee mzaliwa wa kwanza. Nchi ikapona; lakini wadogo je? Wao pia ni wana, wala si watumwa wa kaka yao. Tena mtazameni kitinda mimba, Johann Ernst wa Saalfeld: katika uzao wake alitoka Albert, aliyemwoa Victoria, Malkia wa Uingereza, mwaka 1840. Nani angalilijua hilo siku ile ya kugawanya?

Basi mimi nimekusudia hivi. Shamba letu halitakatwa vipande vinne, kwa kuwa kipande kimoja hakitoshi kulisha nyumba. Nitawaita wana wangu wote, mama yao akiwapo, tupatane nani atalilima, na kila mavuno atawapa wenzake nini, nayo yataandikwa. Wadogo nitawasomesha kwanza, kwa maana katika yote aliyoyaacha Ernst, mafundisho ya shule ndiyo ambayo wanawe hawakuweza kuyakata mafungu.

Nanyi wazazi wenzangu, semeni na wana wenu mngali hai. Msiyaache maneno haya hata siku ya matanga.