Gharama Isiyoruhusiwa

Kazi ya ofisi ya ruzuku niliipata kwa sababu nilijua Excel na sikuona haya kubandika risiti. Ilikuwa Septemba 2023. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nalala kwenye kochi la binamu yangu Kahawa West, naye ameanza kunihesabia vijiko vya sukari. Idara ya afya ya jamii katika chuo kingine (si kile nilichokiacha, nashukuru Mungu) ilitaka mtu wa kibarua kwa miezi mitatu. Nilikaa mwaka mmoja na miezi minne. Kwenye bajeti, mshahara wangu ulikuwa chini ya "mengineyo", pamoja na karatasi na maji ya kunywa.

Kabla ya hapo nilidhani ruzuku ya utafiti ni hundi: profesa anaandika pendekezo, mfadhili analipenda, pesa zinaingia. Kumbe yetu ilikuwa kama deni. Unatumia kwanza, unaandika ulivyotumia, unatuma, unarudishiwa. Pesa zilitoka kwa serikali ya Marekani, zikapitia chuo cha huko, ndipo zikatufikia. Kila mtu kwenye mradi amekatwa vipande: muuguzi asilimia 100, mtu wa takwimu 35, profesa 20, na mwisho wa mwezi kila mmoja anatia sahihi kwamba muda wake ulienda hivyo. Profesa wetu alikuwa na miradi sita. Mwezi mmoja nilimjumlishia nikapata asilimia 115. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama nimehesabu wikendi.

Halafu kuna dola. Bajeti iko kwa dola, maisha yako kwa shilingi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, tukajiona matajiri, tukaongeza mtu maabara. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa chini ya 130. Nchi nzima inashangilia shilingi kupata nguvu, sisi kila dola elfu moja imepungua kwa zaidi ya shilingi elfu thelathini, na mishahara tulishaiandika. Hakuna aliyeiba hata senti.

Lakini kitu nilichokijua vizuri zaidi ni nauli. Utafiti ulifuatilia akina mama na watoto wachanga upande wa ziwa, na kila mama akija kliniki alirudishiwa shilingi 500. Kiasi hicho kilipitishwa na kamati ya maadili kabla ya ushuru wa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023. Nauli ikapanda, 500 ikabaki 500, kwa sababu ukitaka kuibadilisha lazima urudi kwa kamati, na kamati ina foleni. Tena bodaboda haandiki risiti. Kwa hivyo tulikuwa na karatasi: namba ya mshiriki, tarehe, kiasi, sahihi au alama ya kidole. Mkaguzi wa hesabu akikuta kidole kimefifia, hiyo 500 si ya mradi tena. Nilijifunza kuvitambua vile vidole. Kulikuwa na kimoja chenye kovu katikati, kila mwezi, bila kukosa.

Karatasi zile zilitoka kwa mhudumu wa afya ya jamii ambaye ofisi nzima ilimwita Mama. Jumatatu yeye ndiye aliyelipa akina mama. Masurufu yalifika saa nne au saa tano, wao walifika saa mbili, kwa hivyo alikopa kwa chama chake asubuhi na mimi nikamtumia M-Pesa baadaye. Haikuandikwa popote. Ilikuwa tu jinsi kazi inavyofanyika.

Ijumaa, Januari 24, 2025, amri ya kusimamisha kazi ilitoka Washington. Kwetu barua pepe ilifika Jumamosi usiku. Najua kwa sababu sanduku la barua la ofisi lilikuwa kwenye simu yangu, na niliisoma nikiwa kwenye mat narudi kutoka kwa sherehe. Simamisheni shughuli zote, msiingie gharama mpya. Nilifikiri ni mambo ya wakubwa. Nikaweka simu mfukoni. Jumapili nililala hadi mchana.

Jumatatu Mama alipiga saa tano. "Kijana wangu, leo mtandao uko chini?" Akina mama 34 walikuwa wameshakuja na kuondoka. Shilingi 17,000.

Nilienda kwa bosi. Hakuwa mtu mbaya. Mezani alikuwa na majina ya watu kumi na mmoja wa kuachishwa kazi, na kule maabara friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zilikuwa zinaendelea kula stima, maana hizo huzimi kwa amri. Aliangalia tarehe tu. "Ni baada ya amri. Gharama isiyoruhusiwa." Nikamuuliza kuhusu ile asilimia ya uendeshaji tunayoongeza juu ya kila bajeti, ya stima na ulinzi, ambayo Marekani walikuwa wameipandisha kutoka 10 hadi 15 Oktoba iliyopita kwa taasisi kama yetu. Akacheka, bila ubaya. Hiyo huenda utawala wa chuo. Idara huiona kwenye karatasi tu.

Nikampigia Mama. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli, wallahi. Nikasikia sauti yangu inasema barua imefika leo asubuhi.

Akanyamaza kidogo. "Sawa, kijana wangu. Wewe hukujua."

Mkataba wangu uliisha wiki hiyohiyo. Sasa naandika: maelezo ya bidhaa za duka la mtandaoni, hotuba za harusi, na huku, huku hakulipi sana. Pesa ikiingia namtumia. Kwanza 2,000, halafu 1,500, wakati mwingine mia tano. Nilimwambia mradi unalipa madeni polepole. Yeye anaamini, au amenistahi, sijui. Amefika 7,500. Baada ya ile ya mwisho alinipigia kuuliza kama hakuna mahali anatakiwa kutia sahihi, maana anatujua, sisi bila sahihi hatuli.

Nikamwambia aandike kwenye karatasi, apige picha, anitumie kwa WhatsApp. Akatuma: tarehe, kiasi, jina lake kamili, na chini, ingawa anajua kuandika vizuri kabisa, alama ya kidole.