Siku ya Kliniki na Siku ya Bamvua

Akina mama wapenzi, mwezi huu naomba niwasimulie jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisimulia, maana mwenye kosa ndani yake ni mimi. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi katika zahanati za pwani ya Mtwara kwa zaidi ya miaka 15, na kanisani kwetu ni mjumbe katika umoja wa akina mama. Ninyi mnaozijua kazi hizi mbili mnafahamu kuwa zote zinampa mtu ruhusa ya kuwaonya wenzake. Ruhusa hiyo nimeitumia vizuri mara nyingi. Mara moja niliitumia vibaya sana.

Mwaka 2018 nilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000. Mimi ni mzaliwa wa Masasi. Kwetu ni mikorosho na mawe, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mkubwa. Kwa hiyo nilikaa kijijini pale miaka mingi nikiitazama bahari kama mtu anavyotazama picha ukutani.

Kliniki ya watoto ilikuwa kila Alhamisi kuanzia saa 2 asubuhi. Wiki moja akina mama walijaa hadi chini ya mwembe, wiki nyingine walikuja 9 tu. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika sababu yake kwa maneno tuliyozoea kuandika sote: "mwamko mdogo wa jamii".

Mwezi Agosti mwaka ule aliletwa mtoto wa miezi 11 akiwa na degedege. Ilikuwa malaria. Tulimpa huduma ya kwanza, tukamkimbiza hospitali, na Mungu alisaidia akapona. Mama yake nilimfahamu. Miezi miwili tu kabla ya hapo nilikuwa nimempa chandarua kwa mkono wangu, kwa sababu kliniki hutoa chandarua kwa mama mjamzito na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Nikamwuliza kama mtoto analala ndani ya chandarua. Akajibu, "Ndiyo, nesi."

Wiki iliyofuata nilipita ufukweni kwenda kumwona mzazi. Maji yalikuwa yamekupwa nusu. Wanawake walikuwa wamesimama baharini wawili wawili, maji yakiwafika kiunoni, wanatanda. Wengine walishika kanga kuukuu, wengine vitambaa vya pazia. Jozi moja ilishika chandarua cha bluu. Mmoja wao alikuwa mama yule.

Sikusema kitu pale ufukweni. Laiti ningesema palepale! Nilingoja hadi Alhamisi, akina mama walipokwisha kujaa kwenye mabenchi, ndipo nikasimama na kusema, "Tunawapa vyandarua mlaze watoto, kumbe kuna wanaolazia dagaa." Nikamtazama yeye. Wakacheka wote, na sitawaficha, kicheko kile kilinifurahisha. Mama yule akachukua kadi ya mtoto mezani, akajitanda kanga vizuri, akaondoka. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Baada ya kama mwezi mmoja alikuja nyumbani kwangu mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wavuvi. Ni mtu mzima aliyepita miaka 60, na kijiji kizima humwita Bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu." Akaniuliza habari za Masasi, habari za korosho, habari za wanangu mmoja mmoja, akanywa chai hadi mwisho wa kikombe. Kisha akasema, "Nesi, kile chandarua ulichokiona baharini, ulikitazama sawasawa?"

"Kilikuwa cha bluu, Bibi."

"Na ulichompa wewe ni cha rangi gani?"

Kilikuwa cheupe. Vyote tulivyogawa mwaka ule vilikuwa vyeupe. Kile cha bluu kilikuwa cha zamani, kimoja katika vile vilivyoletwa na mpango wa kugawa vyandarua shuleni, ambao ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kilikuwa kimetoboka hadi hakifai kitandani. "Cheupe kimetundikwa," Bibi aliniambia. "Nimekiona kwa macho yangu."

Mbona mtoto aliugua basi? Bibi alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na yakakupwa tena saa kama hizo usiku. Mama yule alikuwa akishuka usiku pia. Aliondoka nyumbani jioni kwenda kujiunga na wenzake, na mtoto akabaki juu ya mkeka uani na dada yake wa miaka 9 hadi mama arudi. Chandarua kilikuwa ndani, na mtoto alikuwa nje.

"Wiki ijayo bamvua linaanza," Bibi akasema. "Omba ruhusa siku moja, ushuke nasi."

Nikaenda. Akina mama wenzangu, nimesaidia kuzalisha usiku kucha kwa mwanga wa taa ya chemli, lakini sijawahi kuchoka kama siku ile. Tulitembea juu ya mwamba kwa karibu saa 3, miguuni kandambili zilizofungwa kwa kamba zisichomoke, tukikwepa vile vidudu vyenye miba mirefu myeusi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha nondo kilichonolewa. Pweza haonekani. Unachotafuta ni mlango wake: tundu kwenye mwamba lenye maganda ya kaa na kome yaliyotupwa nje, maana pweza akishakula hufagia mabaki na kuyaacha mlangoni. Mimi nilipita juu ya matundu matatu bila kuyaona. Bibi alirudi nyuma yangu na kuwatoa pweza wawili. Aliniambia pia kwamba pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kutoka kula, na watoto wakishaanguliwa yeye hufa. Nilisimama kidogo hapo, hata maji yakaanza kurudi.

Tuliporudi ufukweni mnunuzi alikuwa anangoja na mizani yake. Bei alipanga yeye. Hapakuwa na barafu kijijini, na jua lilikuwa kali, na kila mtu alijua kwamba ikifika saa 9 alasiri pweza yule hatakuwa na thamani. Basi wakapokea walichopewa. Na pweza ni wa bamvua tu. Siku za maji mafu mwamba hauonekani, na watoto hawaachi kula kwa sababu mwezi ni nusu. Siku hizo ndipo kitambaa na chandarua hushikwa, kwa ajili ya bakuli moja la dagaa na uduvi.

Nilimwambia Bibi ukweli wa upande wangu pia. Matundu ya chandarua yanazoa samaki wachanga, sheria ya uvuvi inakataza, na ile dawa yenyewe si rafiki wa samaki. Hakubisha. "Tunajua kuliko wewe, mwanangu. Wale tunaowachota leo ndio changu na tasi wa mwakani. Lakini tupate cha kushika kwanza ndipo tuachie kilichomo mkononi."

Cha kushika chenyewe walikuwa wameshakijadili: deli mbili kubwa za kuhifadhia barafu, fedha za barafu, na nauli ya kupeleka pweza mjini wakauze wenyewe. Hesabu yao ilikuwa shilingi 780,000. Kikundi kilikuwa na wanachama 22, kila mmoja akiweka shilingi 500 kila bamvua. Fedha zilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, ili lisifunguliwe bila wote kuwapo. Walikuwa wamefikisha 260,000. Zingekuwa zaidi, ila sanduku hilohilo ndilo lililogharamia uchungu wa wawili wao waliohitaji gari la kwenda hospitali usiku.

Hapo nikajitolea kuwaomba akina mama wa kanisa letu mjini. Nilijitolea haraka mno, maana nilikuwa na deni moyoni. Kwenye kikao mmoja wetu aliuliza, "Hao ni washarika wetu?" Si washarika wetu. Karibu wote ni Waislamu. Nikakosa la kusema. Aliyejibu alikuwa mtunza hazina wetu, ambaye huuza samaki mjini: "Nani hapa hajawahi kula pweza wao?" Wakacheka, na hoja ikapita.

Tukafanya harambee mwezi Novemba, tukiwa na mgeni rasmi na viti vya kukodi. Nami nina maoni yangu kuhusu harambee. Ahadi zilifika 540,000, zikapigiwa makofi na vigelegele. Fedha taslimu zilikuwa 115,000, na katika hizo viti vilikula 20,000. Kwetu Mtwara ahadi zote huegemea korosho, na mwaka ule ndio Serikali ilipochukua kazi ya kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo miezi na miezi. Mwezi Januari nilimwona sokoni mzee mmoja aliyeahidi, akanikwepa nyuma ya magunia ya mahindi. Nilijifanya sikumwona. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalipa ahadi yangu ya 50,000.

Kilicholeta fedha ni jiko. Tukaamua kuuza pweza wa kukaanga na mihogo mjini siku za Jumamosi. Tulikubaliana mapema kwamba sufuria zote zitoke kijijini na Bibi ndiye atakayesimamia jiko, ili dada zetu wale kwa amani, nasi wa mjini tulete mkaa, mafuta na wateja. Jumamosi ya kwanza Bibi alichelewa kwa sababu ya gari, nami nikaona nisiwangojeshe watu. Nikamkata pweza, nikamtia kwenye mafuta. Sikujua kwamba hupondwa kwanza. Mteja mmoja alitafuna kipande kimoja tangu nilipompa hadi nilipomrudishia chenji. Siku ile tulipata hasara ya 14,000, na Bibi alipofika alicheka hadi akakaa chini. Jumamosi zilizofuata nilipangiwa kuosha vyombo, na tulikuwa tukipata kati ya 50,000 na 90,000 kwa siku.

Mwishoni mwa Machi 2019 deli zilinunuliwa. Mwezi Aprili tukatangaziwa kimbunga Kenneth. Shule zilifungwa na kazi zikasimama, kila mtu akawaza nyumba yake itakuwaje. Kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, nasi tukanusurika. Asubuhi ya siku ile ya tahadhari wanawake watatu walikuja zahanati na sanduku la bati kichwani. Walisema jengo letu ndilo la saruji, na nesi alitunze. Funguo walibaki nazo wao.

Kwa upande wetu, nilimweleza mganga mfawidhi habari ya maji, tukabandika kalenda ya mwezi ukutani. Wiki za bamvua kliniki ikahamia saa 9 alasiri. Ni jambo dogo ambalo lingeweza kufanyika miaka kumi kabla. Yale maneno ya "mwamko mdogo" sikuyaandika tena.

Si kila kitu kilinyooka. Deli moja ilipasuka mfuniko mwezi wa tatu. Mnunuzi yule alikasirika, akawasusa wanachama kwa muda. Na siku za maji mafu bado nimeona kitambaa baharini, ingawa si wengi, na vyandarua vichache zaidi.

Yule mama nilimwendea nyumbani kwake kabla ya deli kununuliwa. Bibi alinisindikiza. Nilimwomba radhi mbele ya mama mkwe wake, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Yameisha, nesi," bila kuinua macho, nikajua hayajaisha. Kliniki hakuja.

Alikuja mwezi Julai, kliniki ya alasiri, akakaa mwisho wa benchi la mwisho. Mtoto alikuwa na miezi 22, na chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, ilikuwa imempita. Nilipomnyanyua kumweka kwenye mizani akapiga kelele, kama watoto wote wanaoona gauni jeupe. Mama yake akamwambia kwa sauti ambayo benchi zote zilisikia, "Nyamaza, mwanangu. Huyu ndiye yule aliyempika pweza akawa mgumu kama kandambili."

Wakacheka wote, hata mganga mfawidhi chumbani kwake. Mtoto alikuwa na kilo 10 na nusu. Nikaandika kwenye kadi, nikaenda kutoa chanjo kwenye friji.