Uji Niliomwaga Chini ya Mpapai

Mama yangu alikuja kunitunza kutoka Tanga akiwa na begi moja la nguo na mfuko wa ulezi alioupeta, akauosha, akauanika na kuupeleka mashineni mwenyewe. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza kwa njia ya kawaida, nikashonwa nyuzi chache, nikarudi nyumbani kwetu Dar es Salaam. Mama alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alinifunga mkaja kwa kanga yake ya zamani iliyokwisha kulainika. Kila saa nne alinisimamia na bakuli la uji wenye pilipili manga. Hakuna haki ya mzazi niliyonyimwa. Nataka kusema nilichofanya mimi, kwa sababu kwa miaka sita lawama yake ameibeba yeye.

Mtoto alipofika wiki ya tatu, wenzangu wa kazini walikuja kumwona. Mmoja akanitazama tumbo, akauliza, “Bado kuna mwingine humo?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku ule nilipanda mizani nikakuta kilo 78, wakati kabla ya mimba nilikuwa na 63. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84 na nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikaapa kwamba nitarudi ofisini nikiwa nimevaa sketi zangu za zamani. Nikatafuta video za mazoezi kwenye simu huku mtoto amelala kifuani kwangu.

Mama alikuwa na desturi ya kujinyoosha kidogo baada ya sala ya adhuhuri. Saa hiyo ndiyo niliyoiiba. Nilitoka nyuma ya jiko, nikafungua mkaja alionifunga kwa mikono yake, nikajizungushia nailoni tumboni ili nitoke jasho, kisha nikaufunga tena juu yake asigundue. Niliruka kamba mara 300. Nikalala mkekani, nikainuka na kulala, nikainuka na kulala, mara 50. Mtoto akilia ndani nilimpa chuchu bandia nikamaliza hesabu yangu kwanza. Uji nilikuwa nikimwambia, “Uache upoe, mama, nitaunywa.” Akishageuka niliumwaga chini ya mpapai. Nilikula tango, nikanywa chai ya rangi yenye tangawizi na limau, na nikilala na njaa niliona nimeshinda.

Mwili ulisema. Damu ya nifasi, ambayo ilikuwa imeshafifia, ilirudi nyekundu. Siku moja nikiwa katikati ya kuruka, mkojo ulinitoka bila hiari, ukateremka mguuni hadi kwenye kandambili. Nilifua, nikaanika, na kesho yake nikaruka tena. Nilipokuwa nikijiinua pale mkekani, katikati ya tumbo lilitokeza tuta kutoka kifuani hadi kitovuni. Nikadhani ni mafuta, nikaongeza hesabu. Kumbe misuli ya mbele ya tumbo hutengana mimba inapokua, na ule utando unaoiunganisha huwa umenyooka kama mpira wa suruali uliochoka. Kila nilipojiinua kwa nguvu nilikuwa nikiusukuma nje zaidi. Mfuko wa uzazi peke yake huhitaji wiki sita hivi kurudi kwenye ukubwa wake, na misuli ya nyonga inayozuia mkojo ilikuwa imetoka kupitisha mtoto wa kilo 3.2. Mimi niliiamuru iruke.

Kliniki ya wiki ya sita mtoto alikuwa na kilo 4.4. Nesi akaniuliza kama nina tatizo lolote. Damu nilikuwa naijua na mkojo nilikuwa naujua. Nikajibu, “Sina.” Nikarudi nyumbani nikapunguza chakula zaidi, maana mizani yangu ilikuwa imeanza kushuka.

Wiki ya kumi tulikwenda kwa chanjo, mama akiwa pamoja nami. Mtoto alivalishwa ile suruali ya kupimia akatundikwa kwenye mizani, miguu yake ikining’inia. Nesi alisoma, akasubiri mizani itulie, akasoma tena. Kilo 4.5, yaani gramu 100 katika wiki nne. Alichukua kalamu akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta ya nyuma. Mstari uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa ulilala. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mstari wa wino wa bluu, mfupi kuliko kucha yangu.

“Unamnyonyesha mara ngapi?” akauliza.

“Kila akitaka.”

“Na wewe unakula?”

“Nakula sana. Mama ananipikia.”

Nesi akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi amepakata mfuko wa nepi. Akamwambia kwa upole, “Bibi, mzazi anayenyonyesha anataka chakula kizito. Uji mwepesi hautoshi.” Mama akasema, “Nimesikia, mwanangu.” Akainamisha uso. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo ninao, na sikuufungua.

Habari zikamfikia mama mkwe, akasema mbele ya majirani kwamba mama hajui kulea mzazi. Hapo pia nilinyamaza. Mama alianza kuamka alfajiri kutwanga karanga za kutia kwenye uji, akanunua maziwa kwa fedha zake. Sasa nikawa naunywa, bakuli lote, kwa sababu nilimwogopa Mungu kwa ajili ya yule mtoto. Kamba niliificha, na kila mtoto alipogeuza kichwa nilimpa ziwa. Siku chache baadaye maziwa yalijaa, na kliniki iliyofuata mstari ulikuwa umenyanyuka. Mama alifurahi mpaka machozi. Lakini akaondoka kwangu akiamini kwamba uji wake wa mwanzo ulikuwa mwepesi. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanawake wa mtaani kwake, “Mjukuu wangu nilimkondesha mimi.”

Msichana akija kuniuliza sasa, simwambii kwamba mazoezi yaliniharibia maziwa, kwa sababu si kweli. Mazoezi ya kiasi hayakaushi ziwa wala hayachachishi maziwa, kama wanavyosema baadhi ya watu. Nilichokausha mimi nilikikausha kwa njaa, kwa kiu, na kwa kumpa mtoto mpira badala ya ziwa, maana ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kunyonyesha peke yake hula kalori 500 hivi kwa siku. Nusu saa ya kutembea haraka haifikii nguvu iliyomo katika chapati moja ya mafuta, kwa hiyo anayetaka kupungua kwa kamba tu, bila kutengeneza sahani yake, atachoka bure. Ile nailoni ilinitoa maji, na maji hayo yalirudi kwa glasi mbili.

Nilianza upya mtoto akiwa na miezi minne, baada ya kumweleza muuguzi mwingine kila kitu. Alinilaza chali, magoti juu, akaniambia niinue kichwa kidogo, akapima kwa vidole mwanya uliokuwa juu ya kitovu. Vidole vitatu viliingia. Kwa wiki kadhaa sikufanya lolote ila kuvuta pumzi, kukaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, kuhesabu hadi tano na kuachia. Kisha nikaanza kutembea jioni, mtoto mgongoni. Kutembea kulinirudishia usingizi na furaha kabla hakujanirudishia sketi yoyote. Kilo zilitoka polepole sana, nyingine baada ya mwaka, na mbili nimebaki nazo. Mkojo uliacha kunitoka, ila hadi leo nikipiga chafya nasimama kwanza.

Mwaka huu nilikwenda Tanga kumwambia mama. Nilimwamkia, nikaketi mkekani karibu na miguu yake akichambua mchele, nikamsimulia yote: kamba, nailoni chini ya mkaja, chuchu bandia, na lile benchi la kliniki. Nikamwomba radhi. Mkono wake uliendelea kutenga mawe na chuya. Sikujua kama amenisikia.

Baada ya muda akauliza, “Uji uliumwaga wapi?”

“Chini ya mpapai, mama.”

“Wote?”

“Kwa wiki sita, karibu wote.”

Aliacha kuchambua. Akaweka ungo chini, akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta kwa kanga. Akaniambia ulezi ule aliukopa dukani, na deni alilimaliza mtoto akiwa ameshaanza kutambaa. Kisha akainuka kwenda jikoni, nami nikamfuata.