Duka Ndani ya Miwani

Mwanafunzi wa biashara hana budi kujifunza mambo mawili: hesabu na watu. Hesabu hufundishwa kwa chaki. Watu je?

Sisi wakufunzi wa zamani tulikuwa na duka la darasani: makopo matupu, pesa za karatasi, mwanachuo mmoja muuzaji na wenzake wateja. Tulifundisha kwamba biashara haigombi, lakini hapakuwa na wa kumgombeza muuzaji wetu. Wateja walikuwa rafiki zake, wakicheka.

Siku hizi upo uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa inayoziba macho, akajiona yumo dukani. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilianza kufundishia wafanyakazi wake kwa njia hiyo mwaka 2017; mwaka 2018 ikatangaza kupeleka miwani 17,000 madukani. Mfanyakazi aliweza kuonja msongamano wa wanunuzi wa siku ya bei za punguzo kabla siku yenyewe haijafika.

Mjukuu wangu alinivalisha miwani ya namna hiyo. Mteja wa picha alinifokea, viganja vikanitoka jasho. Makopo yetu hayakumtoa mtu jasho.

Basi ni chombo chema: kosa la humo halimfilisi mtu. Lakini ndugu msomaji, na hatari yake ni hiyo hiyo. Hasara isiyouma husahaulika. Kwa hiyo miwani ikivuliwa, mwalimu aulize: "Mtaji ungekuwa wa mama yako, ungemjibu mteja vile?" Asiyeulizwa ametazama sinema tu.