Kuupima Mto Kabla ya Kuuvuka

Milima ya Uluguru imesimama kusini ya mji wa Morogoro kama ukuta uliokingama mbele ya pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo upande wake wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na kila bonde lina kijito chake. Vijito hivyo hukutana na kuwa mto Ruvu, ambao huteremka hata kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Barabara kuu zina madaraja. Lakini njia za miguu ziendazo kijiji hata kijiji hukata maji mahali pengi pasipo na daraja. Basi mwalimu aendaye shuleni ng'ambo, na mzazi apelekaye mtoto zahanati, hawana budi kuupima mto kwa macho yao wenyewe.

Jambo la kwanza la kupimwa ni majira. Masika huanza Machi hata Mei, na mto uliovukwa Agosti kwa kulowa vifundo tu huenda usivukike kabisa Aprili. Stanley, alipomtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871, na masika ya mwaka huo ikamkuta njiani. Alipofika uwanda wa Mkata, magharibi ya Morogoro, aliukuta umefurika, na watu wake na punda wake wakateseka sana kuyapita maji yale.

La pili ni mvua ya mbali. Siku moja tulifika kwenye kivuko cha kijito kimoja cha milima hiyo, jua linawaka, wala wingu hapana juu yetu. Tulikuwa watu sita, na mmoja wetu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, anakwenda kumwuguza mamaye ng'ambo. Mzee mmoja mwenyeji alikuwa ameketi ukingoni. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Msitazame mbingu ya hapa, tazameni ya kule juu." Tukatazama, tukaona vilele vimefunikwa na wingu jeusi. Mzee akachomeka kijiti penye ncha ya maji, akatuambia tungoje. Haukupita muda mrefu, kijiti kikazama, na maji yaliyokuwa meupe yakageuka rangi ya udongo. Yule mama alilia, kwa maana nyumba ya mamaye ilionekana kutoka pale. Tukalala kijijini, alfajiri maji yalikuwa chini ya magoti, tukavuka sote, naye akamkuta mamaye yu hai.

Tangu siku ile tumezishika dalili hizi. Maji yakiwa na tope, au yakichukua magogo na matawi, mto unajaa. Ukisikia ngurumo chini ya maji, ni mawe yanayobingirishwa, nawe usitie mguu. Kisha tupa kijiti katikati ya mkondo, ukatembee ukingoni sawasawa nacho. Kikikushinda mwendo, usivuke. Maana kasi ya maji ikizidi mara 2, nguvu yake huzidi mara 4. Ndiyo sababu maji yaendayo mbio humwangusha mtu mzima hata yakimfikia magotini tu. Tena tazama upande wa chini: pakiwa na maporomoko, au miti iliyoanguka majini, mahali hapo si kivuko, hata kama maji yake ni haba, atakayeteleza atapelekwa huko.

Mahali pema ni pale mto utandapo ukawa mpana, maana huko maji huwa hayana kina. Mahali pembamba pana kina kirefu, na upande wa nje wa kona maji huchimba shimo. Vueni mkiwa na fimbo, mkiwa mmelegeza mizigo ili iweze kutupwa. Mkiwa wengi, shikaneni sana bega kwa bega, mstari wenu ukifuata mkondo, mwenye nguvu akiwa upande wa juu. Mtu asijifunge kamba kiunoni, kwa kuwa ikinaswa, mkondo humzamisha. Na huko chini uwandani, ambako Ruvu ina mamba na viboko, msivuke kwa miguu kabisa. Tafuteni daraja au mtumbwi.

Walakini dalili zote hizi hazimfai mtu aliyekwisha kukata shauri moyoni kwamba leo lazima afike. Mara nyingi kinachomsukuma mtu majini ni haya: anangojewa, wenzake wametangulia, au anaogopa kuitwa mwoga. Kwa hiyo yafaa watu wapatane kabla ya kuondoka nyumbani kwamba mmoja wao akisema, "Turudi," wote watarudi, hata akiwa mdogo kuliko wote. Waalimu nao wawaambie wazazi mapema kwamba mtoto aliyezuiwa na mto hataadhibiwa kwa kuchelewa. Maana mtoto aogopaye fimbo ya shule atajitia katika maji yoyote.

Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaongeza: mto uliojaa jioni huenda ukapungua asubuhi, na njia ya kurudi kijijini bado ni kavu.