Na Sisi Tutapata Nini?

Barua pepe ilianza kwa "Tunakushukuru". Aliyewahi kuomba ruzuku anajua: ukishukuriwa mapema hivyo, umekosa.

Nilikuwa nimeomba dola 5,000 kwa baraza moja la insia, hapa Marekani ninakoishi. Insia ni zile taaluma zisizojenga daraja: historia, fasihi, falsafa, lugha. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, wilaya yenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita. Utotoni nilikuwa namfuata mama sokoni. Wao wanaleta unga na mafuta ya mgawo, sisi tunaleta maharage na ndizi. Miaka mingi baadaye, kwenye mji wa baridi kali, nikawakuta kina mama waliopitia Nyarugusu wamepanga foleni ya nyama ya mbuzi, Kiswahili kimechanganya. Nikasema hii ndiyo stori yangu. Niwarekodi wakisimulia soko lile, kisha tufanye jioni tatu za mazungumzo kwenye maktaba ya mtaa.

Kwa wasiojua, mambo huenda hivi. NEH, taasisi ya serikali ya Marekani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, hugawa fedha za insia, na nyingine huzipitisha kwenye mabaraza ya majimbo. Pale NEH, maombi husomwa kwanza na jopo la watu wa nje: maprofesa, wakutubi, watu wa makumbusho. Kila mmoja anasoma peke yake, anaandika maoni na kutoa daraja, halafu wanakutana kujadili. Yakitoka hapo yanapita kwa maofisa na kwa baraza la taifa, na mwenyekiti ndiye mwenye neno la mwisho. Ukikosa, una haki ya kuomba maoni ya waliokusoma. Mabaraza ya majimbo yana taratibu zao, ila hata lile niliolipelekea maombi lilikuwa na jopo, na lilitoa maoni ukiyaomba.

Niliyaomba. Heri ningenyamaza.

Msomaji wa kwanza alinisifu. Wa pili aliandika kwamba mada ni nzuri ila swali halionekani: tunataka kuelewa nini kuhusu soko hili? Wa tatu aliandika sentensi moja tu: kila anayefanya kazi kwenye mradi huu analipwa, isipokuwa wasimulizi.

Nikafungua bajeti yangu. Mimi, dola 2,400. Mpiga picha, 900. Vifaa, 1,100. Uchapishaji, 480. Vitafunwa, 120. Basi.

Nilimtukana huyo msomaji wa tatu kwa Kiswahili safi, jikoni, peke yangu. Anajua nini kuhusu watu wangu? Lakini kilichoniuma hasa ni kwamba nilikuwa nimeshaulizwa swali hilo. Mama mmoja wa Fizi, nilipokwenda kumweleza mradi, aliniambia, "Sasa mwanangu, na sisi tutapata nini?" Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, historia yenu itahifadhiwa." Aliniangalia kidogo, akaendelea kumenya ndizi.

Baadaye baraza jingine likanialika mimi niwe msomaji. Maombi 14, wiki tatu, posho ya kununulia viatu. Hapo nilijifunza kitu kimoja: msomaji si adui, ni mtu aliyechoka. Ombi la tisa unalisoma saa nne usiku, baada ya kazi, mtoto akikohoa chumba cha pili. Ukurasa wa kwanza usipokushika, umeshaanza kutoa daraja la kati.

Ombi la tisa lilitoka kwa kikundi cha wanawake wa Kisomali. Kiingereza chake kilichechemea. Niliandika, bila kupepesa macho: "Swali halionekani."

Kwenye kikao, mkutubi mmoja mzee akauliza kama tumeisoma bajeti yao. Nilikuwa nimeipitia juu juu. Kila msimulizi alikuwa na malipo yake, hadi bibi mmoja ambaye kazi yake ingekuwa kukaa na kusahihisha majina ya watu na ya vijiji. Swali lilikuwa palepale: nani ana haki ya kuisahihisha hadithi ya watu? Mimi nililitafuta kwenye aya ya utangulizi, kwa sababu ndiko tulikofundishwa chuoni kuliweka.

Nikapandisha daraja. Halikutosha, fedha ziliishia kwa waliotangulia. Nilibaki na maoni yangu tu, na niliyaandika upya kwa nusu saa, nikijua kuna mtu atayafungua jikoni kwake usiku.

Aprili 2025 ruzuku nyingi za NEH zilifutwa kwa mkupuo, zikiwamo fedha za mabaraza ya majimbo. Maombi yangu ya pili bado yamo kwenye kompyuta, hayana pa kwenda. Hata hivyo nilikwenda kumsomea yule mama wa Fizi bajeti mpya, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Wasimulizi sita, dola 250 kila mmoja. Mimi, 900.

Akasikiliza hadi mwisho. "Na ile ya kwanza," akauliza, "ulikuwa umetuandika wapi?"

"Kwenye vitafunwa, mama."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akataka kujua ni vitafunwa gani.