Kadi inayokula damu ya mwenyewe

Wazee wanaocheza dame kwa vizibo vya chupa kule Kadutu wangeielewa kadi hii bila maelezo mengi. Kwenye dame unaacha kizibo kimoja kiliwe ili wewe ule viwili. Anayetoa kizibo bila kuviona hivyo viwili ametoa zawadi tu.

Kadi yenyewe inaitwa Hemokinesis, jina lililounganishwa kutoka maneno ya Kigiriki ya damu na mwendo. Imo kwenye mchezo wa Slay the Spire, kazi ya Mega Crit, kampuni ya Marekani. Mchezo ulitoka kamili mwaka 2019, na tangu 2021 uko kwenye simu za Android. Mchezaji anapanda mnara akipigana kwa kadi. Akishinda pambano anaonyeshwa kadi tatu. Anachukua moja au anazikataa zote. Akifa, kadi zote alizokusanya zinapotea, anaanza tena chini.

Kijana mmoja wa miaka 17 anaucheza katika nyumba ya shangazi yake, kwenye simu aliyoachiwa na binamu aliyesoma Kampala. Alitoka Kalehe na dada zake wawili Januari 2025, wiki chache kabla ya M23 kuingia Bukavu katikati ya Februari. Mama yao alibaki nyuma na shamba. Mama anapiga akipata mtandao, na saa yake haijulikani. Basi nyumba ina sheria: betri ikifika asilimia 40, mchezo unafungwa, kwa sababu akiba hiyo ni ya mama. Umeme wa SNEL unakuja unapotaka, na kuchaji kwenye kioski ni pesa ambayo ingenunua sombe. Mchezo huu hauhitaji intaneti, na hiyo ndiyo bahati yake.

Kwa kuwa muda ni mdogo, kijana amejifunza kucheza polepole.

Askari anayemchezea, Ironclad, anaanza na uzima 80. Kila zamu anapata kadi 5 na nguvu 3 za kuzitumia. Kadi ya kawaida ya kupiga inakula nguvu 1 na kumtoa adui 6. Hemokinesis nayo inakula nguvu 1, lakini inamtoa adui 15. Bei yake ni uzima 2 wa mchezaji mwenyewe, na kinga yoyote aliyojiwekea haizuii hilo. Aliyebaki na 2 akiicheza, anakufa yeye.

“Yaya, ile kadi inakupiga weye!” dada yake mdogo alishangaa mara ya kwanza kuiona.

Ni kweli, inampiga. Siku za mwanzo aliitupa kila ilipofika mkononi, kwa kuwa 15 ni namba tamu, na alikuwa akifa mapema. Kilichombadilisha ni kuangalia juu ya kichwa cha adui. Mchezo huu haufichi: kabla hujacheza, unaonyeshwa adui anataka kufanya nini na atapiga kwa kiasi gani. Hapo swali la kama 2 ni nyingi au kidogo linakwisha. Linabaki lingine: huyu adui akiishi zamu moja zaidi, atanitoa ngapi?

Mfano mzuri ni Gremlin Nob, jitu la sehemu ya kwanza ya mnara, lenye uzima kati ya 82 na 86. Zamu ya kwanza linanguruma tu. Baada ya hapo, kila ukicheza kadi ya kujikinga, hasira yake inapanda na mapigo yake yanaongezeka 2. Mwoga anajikinga, na kinga ndiyo inayolilisha. Pigo lake kubwa linaanzia 14. Kijana anatumia zamu hiyo ya kunguruma kulipiga kwanza kwa Bash, kadi ya nguvu 2 inayotoa 8 na kumdhoofisha adui ili kila pigo linalofuata limuumize nusu zaidi. Nguvu 1 iliyobaki anaipa Hemokinesis: 15 inakuwa 22. Jumla ni 30 kwa zamu moja, wakati mapigo matatu ya kawaida yangetoa 18. Amelipa 2 ili kukaribia kuepuka pigo moja la 14. Hesabu hiyo hata muuza sambaza wa Nyawera angeikubali.

Lakini adui aliyebaki na uzima 5 hastahili damu ya mtu, pigo la kawaida linammaliza. Adui asiyepiga zamu hii naye anaweza kungoja, kama huna faida ya kumwahi. Na kadi za namna hii zisijazwe kwenye fungu. Ironclad anarudishiwa uzima 6 kila pambano linapokwisha, yaani gharama ya kuicheza Hemokinesis mara tatu. Zaidi ya hapo unakula akiba ya mapambano yajayo. Kijana huchukua moja, mara chache mbili, nyingine anazikataa hata zikija bure. Kukataa ndiko kulikomchukua muda mrefu zaidi kujifunza.

Shangazi hakuupenda mchezo huo, na alikuwa na haki. Nyumba ina watu tisa na simu moja inayofaa. Siku hizi akipita anauliza tu, “Mwanangu, umebaki na ngapi?” Haisemi kama ni uzima au betri, na kijana humjibu zote mbili.

Wiki iliyopita alifika kwenye moto wa kambi, hatua moja kabla ya mkuu wa sehemu ya kwanza, akiwa na uzima 31. Pale unachagua kimoja: kupumzika, ambako kunarudisha 24, au kunoa kadi moja. Hemokinesis iliyonolewa inapiga 20 kwa bei ile ile ya 2. Dada mdogo alitaka inolewe, akaanza kumwitia dada yake mwingine aje kupiga kura. Kijana akapumzisha askari wake, akafika 55, akafunga simu. Dada mdogo alinuna mpaka bugali ilipoiva.